Maziwa ya Boglárka

Kwa miaka thelathini na mmoja nilifanya kazi moja tu: kusikiliza seli za ubongo zinazomwaga homoni ya maziwa, ndani ya kichwa cha panya mama. Watu wakiniuliza kwenye treni nafanya kazi gani, nilikuwa nikijibu kwamba nafundisha. Si uongo, nilifundisha pia, na jibu hilo humaliza mazungumzo upesi.

Chumba changu kilikuwa chini kabisa ya jengo la taasisi, katika mji wa Szeged, upande wa mto. Ndani yake kulikuwa na sanduku la mbao lililotandikwa pumba, panya mama na watoto wake kumi. Kutoka kichwani mwa panya huyo ulitoka waya mwembamba kuliko unywele, ukapanda hadi kwenye mashine, na kutoka kwenye mashine hadi kwenye spika. Mimi nilikaa chumba cha pili, nyuma ya kioo. Kila seli ilipopiga umeme wake, spika ilisema tak. Seli iliyotulia hupiga polepole, tak, kimya, tak tak, kimya, kama mtu anayechapa barua kwa kidole kimoja. Watoto wananyonya na hakuna kinachotoka. Zinapita dakika tano, zinapita kumi. Halafu ghafla, bila dalili yoyote, seli inafyatuka: mapigo themanini ndani ya sekunde tatu, kama mvua ya mawe juu ya bati. Kisha kimya kabisa. Naangalia saa. Sekunde ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, na watoto wote kumi wanajinyoosha kwa pamoja, miguu imekakamaa, maana homoni imefika na maziwa yameshuka.

Nimeliona jambo hilo mara elfu nyingi na halikunichosha hata siku moja.

Kwa miaka ishirini sikuwa peke yangu. Ghorofa ya tatu alikaa Lóránd, mtu wa hadubini, mrefu, mwenye kikohozi, ambaye kazi yake ilikuwa kukata ubongo vipande vyembamba na kuvipiga picha. Siku moja alishuka na picha mbili, akaziweka juu ya mkate wangu.

"Jolán, watazame hawa wako."

"Nakula."

"Utakula baadaye. Tazama."

Katika picha ya kwanza, ya panya asiye na watoto, kila seli ilikuwa imefungwa kivyake. Kati ya seli na seli kulikuwa na utando, seli nyingine za aina tofauti zilizojipenyeza kati yao kama karatasi wanazozungushia glasi watu wanapohama nyumba. Katika picha ya pili, ya panya anayenyonyesha, utando ulikuwa umejivuta pembeni na seli zangu zimegusana ubavu kwa ubavu.

"Wamesogeleana," alisema Lóránd. "Na wakiachisha watoto, utando unarudi. Nimewahesabu. Baada ya mwezi mmoja utadhani hawajawahi kugusana."

"Ndiyo maana zinafyatuka zote kwa pamoja."

"Labda. Ila nani anaanza? Lazima iwepo inayoanza."

Hatukujua. Tulibishana juu ya hilo kila mchana mezani, mimi nikisema hakuna inayoanza, yeye akisema haiwezekani, na kila mmoja akaichapisha hoja yake na kumtaja mwenzake kwa heshima mwishoni mwa makala. Lóránd alikuwa na mke, Sárika, na watoto wawili wakubwa. Alifariki mwezi Februari, mwaka 1991. Mazishini nilisimama safu ya nne.

Baada ya hapo nilikula chakula cha mchana nikitazama ukuta. Mwishoni mwa Machi mkuu wetu mpya, kijana mpole, aliniita akanieleza kwamba chumba changu kitahitajika ifikapo mwisho wa Juni, ambao pia ungekuwa mwisho wa utumishi wangu. Vijana walikuwa wanafanya kazi na vinasaba, na kazi ya vinasaba haina spika. Nilimwambia naelewa. Nilikuwa na panya jike mmoja aliyetoka kushika mimba, na nikahesabu kwamba ndiye atakayekuwa wa mwisho.

Basi Jumatatu moja ya mwezi Aprili simu ya maabara ikalia.

"Mama mkubwa? Ni Barna."

Barna ni mume wa Boglárka, na Boglárka ni mtoto pekee wa marehemu mdogo wangu, Klotild. Wanakaa mji wa Makó, mwendo wa chini ya saa moja kwa basi, lakini tulikuwa tukionana kwenye misiba tu. Nilijua kwamba Bogi amejifungua mtoto wa kike. Nilikuwa nimetuma kadi.

"Kuna nini?"

"Maziwa hayatoki."

"Hayatoki au hayapo?"

"Yapo. Kifua kimejaa, kigumu kama jiwe. Mtoto ananyonya, anaachia, analia. Bogi naye analia. Mama yangu naye kaanza kulia. Mimi niko huku kwenye simu ya jirani, na jirani ananiangalia."

"Leo siku ya ngapi?"

"Ya tisa. Nesi wa mtaa amesema mtoto asipoongezeka uzito mpaka Ijumaa, anarudishwa hospitali." Alishusha sauti. "Mama mkubwa, si ndiyo kazi yako hiyo?"

Katika ukoo wetu niliitwa Jolán wa panya. Klotild, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia wageni kwamba dada yake anakamua panya, na wageni wakicheka nami nilicheka. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali juu ya kazi yangu akingoja jibu. Nilishika simu ile kwa mikono miwili.

"Kesho asubuhi niko kwenu," nilisema.

Nilichukua mizani ya maabara, ile nzuri, inayohesabu hadi gramu moja bila kuyumba. Niliifunga kwa taulo na kuipakata kwenye basi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliuliza, "Umebeba keki?"

"Mizani."

"Aa," alisema, akageukia dirisha.

Mlango ulifunguliwa na mama yake Barna, Terka, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu aliyelima vitunguu saumu maisha yake yote. Alinitazama mimi, akautazama mzigo.

"Daktari wa panya kafika!" alipaza sauti kuelekea ndani. Kisha kwangu: "Vua viatu, daktari. Humu kuna mtoto, si panya."

"Habari za siku nyingi, Mama Barna."

"Habari ndiyo hiyo unayoisikia." Mtoto alikuwa analia. "Nimempikia supu ya mbegu za kisibiti tangu siku ya kwanza. Mara tatu kwa siku. Mimi nilinyonyesha watatu kwa supu hiyo. Huyu wako anakunywa vijiko viwili, anasema imetosha. Amedekezwa mno na mama yake."

"Mama yake amekufa."

"Najua amekufa. Ndiyo nasema."

Boglárka alikuwa amekaa kitandani, macho yamevimba, nywele zimemganda shavuni. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alionekana kama msichana aliyefeli mtihani. Mtoto, Dorka, alikuwa mwekundu na mdogo, mdomo ulio wazi mkubwa kuliko uso.

"Nimeshindwa, mama mkubwa."

"Hujashindwa. Maziwa unayo. Kinachokosekana ni amri ya kuyashusha, na amri hiyo inatoka hapa." Nikagusa paji la uso wangu mwenyewe. Nikamweleza seli zilipo, jinsi zinavyongoja, jinsi zinavyofyatuka kwa pamoja, na jinsi hofu inavyozinyamazisha. Nilieleza vizuri sana. Nilikuwa nimeeleza jambo hilo Praha na Edinburgh, lakini sikuwahi kulieleza kwa mtu aliyelihitaji. Bogi alinisikiliza ameshika shuka kwa vidole.

"Kwa hiyo nisiogope," alisema.

"Usiogope."

"Sawa," alisema, na niliona jinsi alivyojitahidi.

Nilipanga kila kitu. Pazia lifungwe. Redio izimwe. Wageni wasiingie. Kitambaa cha moto kifuani, dakika kumi. Kila baada ya saa tatu, mtoto apimwe kabla ya kunyonya, anyonye, apimwe tena, na tofauti iandikwe. Nilichora jedwali, nikalibandika juu ya kabati. Kisha nikavuta kiti hadi pembeni mwa chumba, nikakaa na saa yangu na daftari.

Mara ya kwanza: gramu ishirini.

"Ni nyingi?" Bogi aliuliza.

"Ni mwanzo."

Mara ya pili: kumi na tano. Mtoto akamaliziwa kwa chupa ya maziwa ya kopo. Mara ya tatu: kumi na tano tena.

Jumatano Terka aliingia na bakuli la supu bila kubisha. Nikasimama. "Mama Barna, tumekubaliana. Wakati wa kunyonyesha haingii mtu."

"Na wewe ni nani? Si mtu?"

"Mimi napima."

"Unapima! Tangu uje umepima tu. Mtoto mwenyewe anadhani amezaliwa sokoni." Akamgeukia Bogi. "Kunywa, mwanangu. Na bia kidogo haidhuru."

"Bia hapana," nilisema.

"Bia ndiyo!"

"Jamani," alisema Bogi.

"Umenyonyesha wangapi wewe, daktari?" Terka aliniuliza. "Mimi watatu. Wewe panya wangapi?"

Barna alichungulia mlangoni, akatuona tulivyosimama, akarudi alikotoka. Mtoto alianza kulia. Niliandika: gramu kumi.

Sasa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mtu. Sikukaa kwenye kile kiti kwa ajili ya Bogi peke yake. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kuliona jambo hilo kwa binadamu. Nilijua kwa vitabu linavyokuwa: mwanamke anahisi mwasho, titi la pili linaanza kuchuruzika lenyewe, na mtoto anayefyonza harakaharaka anabadilisha mwendo, anameza taratibu, mdomo umejaa. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili na nusu. Sina mtoto, mdogo wangu aliponyonyesha nilikuwa maabara, na hakuna mwanamke ambaye ningemwomba nikae nimtazame. Nilitaka kuiona ile sekunde. Kila Dorka alipowekwa kifuani niliinama mbele, kalamu mkononi, nikangoja.

Alhamisi asubuhi: gramu tano.

Nilirudia kupima. Tano. Bogi hakuuliza kama ni nyingi. Alikuwa akinitazama, na hapo ndipo nilipotambua kwamba alikuwa akinitazama muda wote. Kila mara kabla ya kumweka mtoto kifuani aliinua kichwa, akanitazama pale pembeni, haraka, kisha akainama. Mtoto aliposhika, aliinua kichwa tena.

Nilikuwa nimewahi kuuona mtazamo huo. Miaka mingi nyuma bomba lilipasuka katika chumba cha panya na tukamwita fundi, Géza, mtu mnene mpole aliyepiga mluzi polepole. Nilikuwa katikati ya kurekodi, na seli ilikuwa nzuri, ikifyatuka kila dakika saba bila kukosa. Géza alipopiga magoti pembeni, panya mama aliinua kichwa akamtazama. Hakukimbia. Hakuacha kunyonyesha. Alimtazama tu, na seli ikarudi kwenye tak, tak, tak yake ya polepole na kubaki hapo. Géza alimaliza kwa dakika tano. Aliondoka akaniaga. Seli haikufyatuka tena kwa dakika arobaini. Nilichapisha jambo hilo, kurasa nne zenye michoro miwili. Mwanzoni panya walikuwa wakiniinulia kichwa hata mimi, na ndiyo sababu niliweka kioo.

Nilifunga daftari.

Bogi alishtuka. "Tumemaliza?"

"Tumemaliza. Nimekumbuka, maabara wananihitaji leo."

"Leo? Nesi anakuja kesho."

"Atakuja tu, hata nisipokuwepo." Nilibandua jedwali kwenye kabati, nikalikunja. Niliifunga mizani kwa taulo lake.

"Umekasirika, mama mkubwa?"

"Hapana."

"Ni kwa sababu ya ile tano?"

"Hapana, Bogi. Wewe lala. Mweke mtoto kifuani ulale naye hivyohivyo. Akitaka atanyonya, asipotaka basi."

"Na kupima?"

"Usipime."

Uso wake ulivyobadilika sikuuelewa wakati ule. Nilidhani ni nafuu. Nilimgusa kichwani, jambo ambalo nadhani sikuwahi kulifanya tangu alipokuwa mdogo, nikatoka nikafunga mlango.

Terka alikuwa jikoni anakoroga. "Mama Barna," nilisema, "njoo unionyeshe vitunguu saumu vyako."

"Nini?"

"Shambani. Njoo."

"Umefika miaka hamsini na nane hujui kitunguu saumu?"

"Njoo, tafadhali. Na sufuria iache."

Labda ni ile tafadhali. Alijifuta mikono, akavaa viatu vya mpira, akanifuata. Bustani ilikuwa ndefu na nyembamba, mistari ya majani ya kijani hadi kwenye uzio, na juu ya nguzo ya umeme korongo alikuwa anatengeneza kiota chake. Nilimpeleka hadi mwisho kabisa, mbali na dirisha.

"Maziwa tunayazuia sisi," nilimwambia.

"Sisi nani?"

"Mimi na wewe. Mimi zaidi. Anaogopa tunavyomtazama, na akiogopa hayashuki. Najua kwa hakika. Naomba usiingie mle chumbani leo. Barna akirudi kazini, yeye ndiye ampelekee chakula. Wewe kaa huku."

Nilitegemea anitukane. Aliinama akang'oa gugu moja, akalitikisa udongo.

"Nilipomzaa Barna," alisema, "mama mkwe wangu aliweka kiti mlangoni na rozari yake. Wiki mbili. Anasali ananitazama, anasali ananitazama. Nilitamani paa limwangukie." Aling'oa gugu lingine. "Amekufa miaka kumi na mmoja na bado namchukia."

"Na maziwa?"

"Yalikuja alipopata homa akalazwa." Aliniangalia, kisha akalitazama dirisha la Bogi. Baadaye alisema, "Kuna majembe mawili."

"Mimi nina basi la saa nane na dakika kumi."

"Subiri basi, mwanamke! Umekuja na mzigo wote ule, usisubiri usikie?"

"Nikisubiri, atajua nasubiri."

Terka alifikiri. "Hilo kweli," alisema. Akaanza kupalilia.

Nilipitia upande wa nyumba, si mbele ya dirisha. Ndani hakukuwa na sauti yoyote, wala ya mtoto wala ya mama. Nilisimama pale na mizani kifuani kwa muda ambao sikuupima. Kisha nikaenda kituoni.

Ijumaa nilikaa maabara tangu asubuhi. Panya wa mwisho alikuwa amezaa usiku wa kuamkia jana yake, na mhudumu alikuwa amemwangalia. Sikuwasha spika, nilitaka simu isikike. Nesi wa mtaa huzunguka asubuhi, kwa hiyo nilitegemea wapige kabla ya saa sita. Saa sita ikapita. Niliwaza labda jirani hayupo. Saa tisa niliinua simu kuhakikisha kama ina mlio. Ilikuwa nao.

Jumamosi na Jumapili taasisi hufungwa, na nyumbani sikuwa na simu. Jumamosi nilikwenda nikamwomba mlinzi anifungulie, nikakaa kwa muda wa saa nne. Jumapili nilifua. Nilisafisha jiko. Nilitembea kando ya mto hadi darajani na kurudi. Niliongea na muuza magazeti, ambaye aliniambia mvua itanyesha, na hayo ndiyo maneno yote niliyoambiwa siku hiyo. Nilijiuliza kama hospitali ya Makó inaruhusu wageni, na kama nikienda nitakuwa naenda kwa ajili ya nani.

Jumatatu saa nne asubuhi Barna akapiga.

"Mama mkubwa! Habari za kazi?"

"Barna, mtoto?"

"Yuko vizuri! Anakunywa mpaka anatema. Nesi kampima Ijumaa, kaongezeka gramu sitini kwa siku moja, kasema—"

"Ijumaa?"

"Ijumaa."

"Mbona hukupiga Ijumaa?"

Alikuwa kijana mwaminifu na hakuwa na uongo wa kunipa. "Tulifurahi," alisema. "Tukasahau."

Nilisema ni vizuri. Nilisema furaha ndivyo ilivyo. Nilimuuliza ilianzaje, akasema hajui hasa, alikuwa kazini. Aliporudi alikuta shuka limelowa, mtoto amelala mdomo wazi, Bogi anacheka peke yake, na mama yake yuko shambani anapalilia kwa nguvu kama anachimba kisima.

"Mama anasema ni ile supu," alisema Barna. "Anasema ilikuwa inajikusanya."

"Inawezekana ni supu," nilisema.

Panya wa mwisho nilimrekodi mwezi wa Mei hadi watoto wake walipoanza kula wenyewe. Tarehe ishirini na nane Juni niliwagawia vijana hadubini na vitabu. Spika hakuitaka mtu. Mkuu wetu alisema maneno machache ukumbini, kulikuwa na keki na divai, na Sárika, mjane wa Lóránd, alikuja. Alinipa bahasha ya zile picha za seli. "Nyuma ameandika jina lako," alisema. "Zote. Nilidhani ni zangu mpaka nilipozigeuza." Hakusema kwa ubaya. Nilimshukuru, naye alikaa kidogo kisha akasema basi lake limekaribia.

Ubatizo wa Dorka ulifanyika Agosti. Meza ilipangwa uani, watu ishirini na zaidi, kuku, saladi ya matango, keki za plamu, na pombe ya plamu ya babu mmoja ambaye sikujua ni babu wa nani. Terka alinikalisha karibu naye na kuwatangazia wote, "Huyu ni daktari wa maziwa, anajua kila kitu, ila kitunguu saumu hakijui." Watu wakacheka, nami nikacheka, na safari hii haikuniuma.

Baada ya chakula Bogi alinifuata kwenye kivuli cha ghala, mtoto begani. Alikuwa amenawiri.

"Ulinikimbia," alisema.

"Nilikuwa nakuzuilia maziwa."

"Nilidhani umenikatia tamaa. Ulikunja ile karatasi yako kama daktari anayemfunika mtu. Ulipofunga mlango nililia, mama mkubwa, nililia tangu mama afe sijalia hivyo. Nilimlilia yeye. Nililia mpaka nikaishiwa, nikalala, na nilipoamka nilikuwa nimelowa hadi kiunoni." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Kwa hiyo ilikuwa nini? Wewe kuondoka, au kule kulia?"

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Yote yalitokea dakika moja, na hakuna aliyekuwa anapima."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Ungeniambia tu. Ungesema, Bogi, natoka kwa sababu hii."

"Ningekuambia, ungelala pale unangoja."

Aliwaza, akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa. "Miaka mingapi umekaa nyuma ya kile kioo? Mama aliniambia kuna kioo."

"Thelathini na mmoja."

Alininyooshea mtoto. Nilimpokea vibaya, kama mtu anayepokea kitu cha moto, na Dorka akanitazama usoni, akakunja midomo, akapiga yowe lililowageuza watu wote mezani.

"Hajakuzoea," alisema Bogi akimchukua. "Uwe unakuja. Asipokuona atazoeaje?"

Nilidhani ni maneno ya sherehe. Lakini mwezi wa Septemba iliingia barua fupi, kwa mwandiko wake: *Mama mkubwa, tulikutegemea Jumapili.* Kwa hiyo nilikwenda iliyofuata.

Sasa naenda Makó Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Siku nyingine niko hapa nyumbani kwangu, ghorofa ya tatu, na asubuhi bado naamka saa kumi na moja na nusu na kuvaa kabla sijakumbuka kwamba hakuna ninakokwenda. Nanunua mikate miwili midogo, nakula mmoja. Mchana hubishana na Lóránd kidogo, kichwani, juu ya nani anaanza, na ameanza kunishinda. Siku ya Makó napanda basi la saa tatu. Terka hunipa jembe au kisu cha kumenyea, kutegemea msimu. Dorka hulia nikiingia, huniangalia kutoka nyuma ya shingo ya mama yake kwa muda mrefu, kisha hushuka, husogea kwa makalio hadi kwenye kiatu changu, hushika kamba yake. Huwa ni saa kumi hivi anapofika hapo, na basi langu ni saa kumi na nusu.